Msimu wa Betri Yangu Mgonjwa

Jumamosi, 4 Januari

Msimu umefunguliwa leo nyuma ya nyumba ya Nadine, kama kila mwaka, penye lile hodhi la bati la kunyweshea ng'ombe. Ng'ombe wenyewe walishauzwa zamani. Hodhi limebaki letu sisi wazamiaji wa mapangoni. Tunalijaza maji, tunaifunga skuta, ile mashine ya betri inayomvuta mzamiaji chini ya maji, kwa mnyororo kwenye ndoano ya nyuma ya gari langu, tunaiwasha propela yake izunguke humo majini, halafu tunakaa kwenye viti vya kukunja na kula karanga za kuchemsha mpaka betri iishe kabisa. Kwingine huku Florida ya kaskazini wanasema wanaichoma. Sisi, kwa heshima ya hodhi, tunasema tunaikamua. Betri iliyojaa chaji haikuambii kitu. Iliyokamuliwa mpaka tone la mwisho ndiyo unayoijua.

Tuko watatu. Nadine Yarbrough, mwalimu mstaafu wa hesabu, ndiye mzamiaji bora kati yetu, na hilo halimsumbui. Coy Driggers, fundi wa mapaa, ni kaka wa mke wangu Darlene. Sauti yake inasikika mpaka barabara kuu. Mimi ni Wendell Futch, fundi wa viyoyozi, miaka hamsini na saba, mwenye goti moja zima.

Mwaka huu hatuzamii kwa starehe. Kuna kampuni inataka kuchimba dampo kwenye msitu wa misonobari nyuma ya shamba la Bi Ozella Purvis. Wanasema chini ya msitu ni mwamba mtupu. Sisi tunasema ni pango, limejaa maji, na maji hayo ndiyo yanayoingia kisimani kwa Bi Ozella na kutokea kwenye chemchemi inayoogelewa na watoto wa kaunti nzima. Baraza la kaunti linapiga kura katikati ya Machi. Bi Ozella ametufungulia shimo lake la maji, ambalo ndilo mlango wa pango, tuingie tuvute kamba ya vipimo mpaka chini ya uzio wa dampo. Tukifika pale, hakuna wa kubisha. Lakini ni mbali. Kwa kuogelea tu, hewa inaisha kabla ya nusu. Bila skuta ya kukuvuta hakuna safari.

Betri ya Nadine imekamuliwa, nzima kama ilivyokuwa mwaka jana. Yangu, ambayo nilijiundia mwenyewe miaka mitano iliyopita, imekata nusu saa nzima kabla ya kipimo cha mwaka jana. Nikasema ni baridi. Nadine akaangalia jua, kisha akaangalia fulana yangu ya mikono mifupi.

Coy amekataa kukamua.

"Yangu mpya, shemeji. Huwezi kumkamua ndama."

"Ndama ndiye hatujui ana nini."

"Kila ukiikamua unakula umri wake. Soma uone."

"Nakula umri wake ili niufaidi wangu."

Akacheka, akachukua karanga zangu, akaondoka.

Jumapili, 5 Januari

Mvua kidogo. Kanisani, kisha kambare kwa mama mkwe. Coy alieleza mezani jinsi mimi ninavyoogopa vitu vipya. Watu walicheka. Mimi pia, kwa sababu nilikuwa nimejaza mdomo.

Jumamosi, 11 Januari

Nimekataa kuzama. Nilifika kwa Bi Ozella, nikapakua mitungi yangu, nikaipanga kwenye nyasi, kisha nikakaa juu ya boksi la barafu na kusema siingii na betri isiyojulikana. Hata iwe imetoka kiwandani jana.

Kanuni yetu ni nyepesi: theluthi ya betri ya kwendea, theluthi ya kurudia, theluthi ya balaa. Na timu nzima inakwenda kwa betri iliyo mbovu kuliko zote. Sasa utapataje theluthi ya kitu usichojua ukubwa wake?

Coy alizunguka gari lake mara kadhaa. "Wendell, umekaa hapo kama mkwe aliyenyimwa mahari."

"Nimekaa vizuri tu."

"Siku zinakwenda. Mto ukipanda, msimu umekufa."

"Basi ungeikamua wiki iliyopita."

Bi Ozella alikuwa kwenye baraza yake akichambua maharage. Ana miaka themanini na kitu, na masikio yake hayajapungua hata robo. Akasema, "Coy, mwanangu, marehemu mume wangu naye alinunua trekta jipya akasema halina haja ya kukaguliwa. Liko kule bondeni mpaka leo, miti imeota katikati yake."

Hatukuzama. Coy ameondoka akirusha mchanga kwa magurudumu.

Jumanne, 14 Januari

Darlene ananiuliza ni lini mimi na kaka yake tutakua. Nimemwambia tukistaafu.

Jumamosi, 18 Januari

Coy ameleta skuta yake kwenye hodhi, na kiti chake, na saa kubwa ya ukutani aliyoitoa jikoni kwake ili nione vizuri. Akaiwasha. Ikanguruma. Ikaendelea kunguruma. Tulimaliza karanga, tukamaliza machungwa ya Nadine, jua likahamia upande wa pili wa banda, na skuta bado inasukuma maji nje ya hodhi. Ilipokata, ilikuwa imezidi hata ahadi ya kiwanda.

"Naona ndama ana maziwa," Coy akasema.

Nikampa mkono. Nikamwambia sasa ninaijua, na ndicho nilichotaka. Ni kweli, ingawa nilitamani sana ife mapema kidogo tu, dakika kumi, kwa ajili ya heshima yangu.

Kisha Nadine, kwa upole wake ule wa kumwita mtoto ubaoni, akasema: "Na yako, Wendell? Tuirudie?"

Tukairudia. Imeshuka tena.

Jumapili, 19 Januari

Basi betri iliyo mbovu kuliko zote ni yangu. Nimekesha nikiisemea vibaya ya mwenzangu, na mgonjwa anakaa bandani kwangu.

Najua nilikosea wapi, na ni kosa la mtu anayejiona tayari. Kiangazi kizima niliiacha imejaa pomoni, bandani, kwenye joto la kukaangia yai, ili siku yoyote Nadine akipiga simu niwe wa kwanza kufika. Betri za namna hii hazitaki hivyo. Zinataka kulala nusu tumbo, mahali pa baridi. Nimewaambia watu hilo mara ngapi? Nimelisema mpaka kwenye mkutano wa klabu, nimesimama, na chati.

Jumamosi, 25 Januari

Tumezama. Tumevuta kamba mpya kiasi cha haja. Maji yako wazi kama hayapo. Nilipoangalia nyuma niliona taa mbili za wenzangu zimening'inia kwenye giza, nikafurahi kama mjinga.

Jumatano, 29 Januari

Nimeileta betri ndani, nimeiweka karibu na jiko, nimeifunika blanketi. Darlene amesimama mlangoni akiitazama.

"Hujawahi kunifunika hivyo mimi."

"Wewe hujawahi kushuka volti."

Nimelala sebuleni na betri yangu.

Jumamosi, 1 Februari

Blanketi halikusaidia.

Jumamosi, 8 Februari

Tumezama tena. Kamba imepita chini ya bwawa la bata, ikapita chini ya barabara ya lori. Pango linapanuka; sasa unaweza kupitisha basi la shule humo. Na linakwenda pale pale tulipodhani, kuelekea msituni.

Kila asubuhi betri yangu inaonyesha namba ile ile nzuri, volti kamili, kama mzee anayevaa tai kwenda kwa daktari. Ukiikamata kazini ndipo inapoinama. Ukiiachia kitufe, ikapumzika dakika chache, namba inarudi juu, inatabasamu. Nadine ameniambia: "Unampima mgonjwa akiwa amekaa. Mpime akipanda ngazi." Nimemwambia hata mimi nipimwe nimekaa, tafadhali.

Nimeifungua leo jioni. Kundi moja la seli, vile vibetri vidogo vya ndani, ndilo linalovuta wenzake chini. Seli mpya nimeagiza, ila zinakuja kwa meli, na sitafunga mpya moja katikati ya wazee nikajidanganya nimeunda kijana. Ya kuazima haipo: umbo la skuta yangu liliachwa zamani, na waliokuwa nazo wameacha kuzama au wameoa upya.

Alhamisi, 13 Februari

Coy amekuja karakana, akakaa juu ya kikompresa changu.

"Shemeji, ngoja nikuulize kama mtu mzima. Mimi na Nadine tukienda wawili?"

"Skuta moja ikifa kule mwisho?"

"Mwenye nzima anamvuta mwenzake."

"Na yake inavuta watu wawili na mitungi yao yote, inaisha katikati ya njia. Halafu?"

Akakuna kidevu. Anajua. Watatu ndio hesabu yetu kwa pango refu: moja ikifa, zinabaki mbili za kugawana mzigo. Ni kanuni tuliyoiweka wenyewe, tukiwa na akili timamu, tumekaa nchi kavu, na kanuni za namna hiyo ndizo za kushika.

"Kwa hiyo kesi ya dampo inategemea hiyo takataka yako," akasema.

"Inaitegemea."

"Na huachi."

"Siachi. Wala siongopi. Nitawaambia inabeba kiasi gani, na tutakwenda kiasi hicho."

Ameondoka bila kuaga vizuri. Lakini nimeona kitu: hakuniomba nipunguze ukali wa hesabu. Mtu mwingine angeniomba.

Alhamisi, 20 Februari

Mvua kubwa Georgia, jimbo la juu yetu. Maji hayo yote yatashuka kwetu. Mto ukizidi nguvu ya chemchemi, maji ya mto, yale ya rangi ya chai nzito, yanageuka na kuingia pangoni, na humo huoni mkono wako mpaka kiangazi.

Jumamosi, 22 Februari

Hatukuzama. Radi. Nimeikamua tena. Imeshuka. Nimeweka alama mpya: namba ambayo ikiguswa wakati propela inavuta, naigeuza timu. Nimewapigia simu wote wawili nikawatajia. Nadine alisema sawa. Coy alisema, "Nimesikia."

Jumatano, 26 Februari

Mto unapanda. Nadine anasema Jumamosi ndiyo ya mwisho.

Bi Ozella amenipigia simu mwenyewe. Ameuliza kama tutafika. Nikasema sijui. Akasema watu wa kampuni wamemletea tena karatasi za kumnunulia shamba, na amezitumia kuwashia jiko. "Lakini karatasi wanazo nyingi kuliko mimi nilivyo na jiko," akasema. Sikulala vizuri.

Jumamosi, 1 Machi

Mkono umechoka lakini nitaandika.

Tuliingia asubuhi. Shimo lilikuwa limeanza kupata ukungu pembeni. Chini bado kweupe. Nadine mbele na gurudumu la kamba, mimi katikati, Coy nyuma. Tulipita chini ya bwawa, chini ya barabara, tukafika mwisho wa kamba ya mara iliyopita. Nadine akaunga mpya. Kwa ramani yetu ya juu, uzio wa dampo ulikuwa mbele kidogo tu. Pango halikuonyesha dalili ya kufunga. Lilikuwa limetulia mbele yetu, pana, jeupe, limefunguka kama mdomo wa mtu anayetaka kusema jambo.

Nikaangalia namba yangu. Ilikuwa inainama. Nikaendelea nikiitazama, nikiisihi, nikiitukana kimoyomoyo. Ikagusa alama.

Nikaachia kitufe. Nikatoa ishara ya taa, wakanigeukia, nikainua kidole gumba.

Juu ya maji kidole gumba ni kusema mambo safi. Chini ya maji ni kusema basi, tunarudi nyumbani. Yeyote anaweza kukiinua, wakati wowote, kwa sababu yoyote. Hakijibiwi ila kwa kidole gumba. Habishiwi mtu, na mkitoka haulizwi. Ndiyo sheria pekee ya watu wa mapangoni ambayo sijawahi kuona ikivunjwa.

Nadine akainua chake papo hapo. Coy hakuinua. Alinisogelea mpaka vioo vyetu vikakaribia kugongana, akaelekeza kidole kwenye namba ya skuta yangu. Kwa kuwa nilikuwa nimeiachia, ilikuwa imepumzika na kurudi juu. Ilikuwa inatabasamu. Akaigonga kwa ukucha: tazama. Akaonyesha mbele. Kidogo tu. Nilijua kilichokuwa mbele. Nilijua kuliko yeye, maana mimi ndiye niliyeongea na Bi Ozella.

Nikakiweka kidole gumba mbele ya kioo chake. Sikukitingisha. Nilikiweka tu hapo.

Nadine alikuwa ametulia pembeni na kamba mkononi, kama mwalimu anayesubiri darasa lenyewe lijue. Mwishowe Coy akainua chake, kimeinamia upande, kama mtu anayelipa faini. Nadine akafunga kamba kwenye jiwe, akaweka alama yetu, tukageuka.

Tumetoka salama. Betri yangu ilinifikisha mpaka mlangoni. Coy alipanda, akavua mapezi, akapita mbele ya Bi Ozella akisema, "Samahani, mama," akaingia garini.

Jumapili, 2 Machi

Nimekamua chaji iliyobaki kwenye betri. Nilitaka kujua.

Ilikuwa na zaidi ya nilivyodhani. Si kidogo. Tungefika chini ya uzio, tungefunga kamba, tungerudi, na huenda ningebakiwa na kidogo cha kuwashia taa ya baraza.

Nimekaa mbele ya hodhi muda mrefu; Nadine hakuwa nyumbani. Kisha nikawapigia simu wote wawili nikawaambia.

Nadine: "Asante kwa kuniambia. Sasa nenda kale."

Coy: "Kumbe tungefika."

"Tungefika."

"Na unaniambia."

"Nakwambia. Na kesho tukirudi pale pale, na betri ile ile, nitageuka pale pale. Kwa nilichokuwa najua pale, ile theluthi haikuwa yangu ya kutumia."

Akakata.

Alhamisi, 6 Machi

Ile chai ya mto imeingia. Nimesimama ukingoni kwa Bi Ozella, sikuona hata ngazi ya kwanza. Msimu umekwisha.

Jumapili, 9 Machi

Chakula kwa mama mkwe. Coy: "Darlene, mwambie mumeo anisogezee chumvi." Darlene: "Mwambie mwenyewe, mko umbali wa bakuli." Chumvi ilikwenda kwa kuzunguka meza nzima.

Jumapili, 16 Machi

Vivyo hivyo. Safari hii ni siagi.

Jumanne, 18 Machi

Ukumbi wa baraza ulijaa mpaka kuta. Kampuni ilileta wakili na ramani ya rangi, na mwamba wao mtupu umechorwa kijivu safi. Sisi tulileta mchoro wa Nadine wa penseli: pango linaanza kwa Bi Ozella, linapita chini ya bwawa, chini ya barabara, linakwenda moja kwa moja kwenye uzio, na linaishia kwenye alama ndogo kabla ya kufika.

Wakili aliiona alama hiyo tu. Mwenyekiti wa baraza, Bwana Strickland, mtu wa haki lakini mchovu, akamuuliza Coy aliyekuwa kwenye kipaza sauti: "Mmefika karibu hivyo, mkarudi. Kwa nini?"

Coy hajanisemesha wiki mbili na zaidi. Nilijikaza nikisubiri jina langu.

"Timu iligeuka," akasema.

"Nani aliamua?"

"Hilo halijibiwi, mwenyekiti."

"Nauliza rasmi."

"Nami nakataa rasmi. Kidole kiliinuka, vingine vikafuata. Changu kilikuwemo."

Watu wakacheka. Wakili akasimama kusema kwamba basi hakuna ushahidi wowote chini ya uzio, ila wazee watatu waliochoka. Hapo nikasimama mimi, bila kuitwa, goti likalia.

"Ni mimi," nikasema. "Wendell Futch. Betri yangu ni mgonjwa na niliigeuza timu. Tulikuwa na nafasi ya kufika. Nimekuja kujua baadaye. Na sijutii, kwa sababu mimi sikwenda kule kufika. Nilikwenda kufika na kurudi kuja kukuambia. Tungesonga mbele kwa kubahatisha, pengine leo mngekuwa mnauliza viti vitatu vitupu. Pango halijaisha pale, Bwana Strickland. Kamba yetu ndiyo imeisha. Huyu bwana anataka mchimbe shimo la taka juu ya kitu ambacho hakuna aliyekiona mwisho wake, kwa sababu tu sisi hatukuwa wajinga. Tupeni msimu mmoja."

Wakili akaanza, "Mheshimiwa, huu si..."

"Kaa, mwanangu," Bi Ozella akasema kutoka mstari wa mbele, bila kugeuka. Akakaa. Sidhani alikusudia.

Kura: watatu kwa wawili, jambo limeahirishwa mpaka mwakani, vipimo vikamilike.

Nje, kwenye maegesho, Nadine alinikumbatia akaenda kumsindikiza Bi Ozella. Coy alikuwa ameegemea gari langu.

"Bado nimekukasirikia, Wendell."

"Kasirika."

"Ungeweza kukaa kimya mle ndani. Nilikuwa nimekufunika."

"Nilikuona. Sitasahau."

Akapiga teke gurudumu langu kidogo, kama anakagua upepo. "Januari tunarudi. Na hiyo takataka yako haiingii majini."

"Seli mpya zimefika bandarini."

"Na ukigeuka tena kabla ya uzio?"

"Nitageuka."

"Hata nikikugonga kioo?"

"Hata ukinigonga kichwa."

Mdomo wake ukajikunja upande. Kisha akainua kidole gumba, pale nchi kavu, chini ya taa za maegesho, na kwa mara ya kwanza maishani sikujua ana maana ipi. Nikainua changu. Tukaenda nyumbani.